Kitambaa, Kinu na Diski

Kompyuta yetu ilianza kuganda msimu wa kuchimba viazi, wakati ambapo nyumba za Mau Narok huwa na kazi nyingi kuliko mikono. Lori linangoja barabarani, vibarua wanataka pesa zao kabla ya giza, dalali anapiga simu kila mara akiuliza magunia yamefika mangapi. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, na jioni hiyo nilikuwa nimeketi sebuleni kutafuta nani amelipa mkopo wa mbegu na nani bado. Nikabofya jina. Kipanya kikagoma. Saa iliyo pembeni mwa kioo ikasimama pale pale, na kibodi ikawa haina habari na vidole vyangu. Ilibidi nishikilie kitufe cha kuwashia hadi mashine ikazima, niiwashe upya, kisha nianze kutafuta ni mistari gani iliyopotea.

Yaliyokuwa ndani ya mashine ile si mambo ya mchezo. Kulikuwa na michango ya kila mkutano, mikopo, faini za wachelewaji, na zile fedha za mazishi ambazo kila mwanachama huweka akijua ipo siku zitamfaa. Kulikuwa na rekodi za maziwa za mume wangu, na makubaliano ya kukodi shamba kwa msimu, ambayo yasipoandikwa huishia kwa chifu. Kulikuwa na picha za marehemu baba mkwe akiwa amesimama katikati ya pareto yake iliyochanua. Mashine yenyewe tuliinunua Nakuru mjini, mtumba kutoka Uingereza, sanduku jeusi lililokuwa limekwisha kutumika ofisini huko kabla ya kuvuka bahari, na kwa miaka kadhaa lilitufaa kuliko vitu vingi vipya.

Ilipozidi kukwama, kila mtu nyumbani akaja na ugonjwa wake. Akili ni nywele. Kijana wangu wa kidato cha tatu alisema ni virusi. Mume wangu alisema ni stima. Mama mkwe, tunayeishi naye boma moja, alisema mashine imepigwa na baridi, na hilo si neno la kubezwa na mtu anayeijua Mau Narok. Tuko zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Januari, anga likiwa wazi, jalidi huteketeza majani ya viazi, na kufikia saa nne asubuhi shamba zima limekuwa jeusi. Mama amewahi kuona trekta ikikataa kuwaka kwa baridi. Kwa nini sanduku la nyaya lisikatae?

Nikachukua daftari. Ukikaa na pesa za watu unajifunza kwamba kisichoandikwa hugombaniwa, na ugomvi wetu ulikuwa umeshaanza. Kila mashine ilipoganda niliandika saa, kilichokuwa kimefunguliwa, kama balbu ya dari ilififia, na jambo moja zaidi ambalo fundi wa kompyuta wa Njoro alinifunza kwa simu: bonyeza Caps Lock. Kitaa chake kikiwaka na kuzima unapobonyeza, mashine ingali hai kwa ndani, kuna kitu inachokingoja. Kitaa kikigoma, basi imezimia kabisa. Kipimo hicho hakigharimu hata senti, na mbele ya safari kilitufaa kuliko mita na programu zote.

Stima ndiyo iliyoshtakiwa kwanza, na ushahidi ulikuwepo. Kinu cha kusaga mahindi kiko chini kidogo ya barabara, kwenye transfoma ileile inayotulisha sisi. Mota yake inapoanza huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na balbu za majirani hufifia. Mume wangu aliwahi kusikia kinu kikinguruma na kuona kioo kikiganda kwa wakati mmoja, na tangu hapo hakusikia la mtu. Alitaka stabilaiza inunuliwe siku hiyo hiyo. Bei yake ilikuwa sawa na pesa tulizotenga kwa mbolea.

"Baba watoto," nikamwambia, "tumwite kwanza mtu apime."

Fundi wa stima akaja na mita yake, akaichomeka kwenye soketi ya sebuleni, nasi tukamzunguka kutazama namba. Kinu kikiwa kimya, mita ilisoma volti 240. Kinu kilipoanza ikashuka hadi 208, kisha ikapanda tena. Mume wangu akapiga makofi. Fundi hakusema neno. Aliinama nyuma ya sanduku, akafuta kwa kidole pale waya wa umeme unapochomekwa, akasoma kibandiko cha hapo: volti 200 hadi 240.

"Mzee, hii ya 208 mashine inaimudu," akasema. "Ikishuka chini ya hapo ndipo tuongee."

Nikamletea mume wangu daftari. Jumapili kinu hufungwa, na Jumapili mashine ilikuwa imeganda vilevile, mchana kweupe, bila balbu kufifia. Aliusoma ukurasa ule taratibu, akanirudishia, na stabilaiza haikutajwa tena. Namheshimu kwa hilo. Si wanaume wote hukubali kushindwa na ukurasa wa daftari.

Ikabaki hoja ya virusi, na kijana alikuwa na dawa yake mkononi: kupiga fomati. Hapa nina neno la kusema wazi. Katika miji yetu midogo, na hata mikubwa, dawa ya kwanza ya kompyuta yoyote inayosumbua ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Dawa hiyo inapendwa kwa sababu haimlazimu fundi kuujua ugonjwa. Mashine ikipona, analipwa. Isipopona, atasema imezeeka. Kwa vyovyote vile, kilichokuwa ndani kimekwenda. Kompyuta nyingine unaweza kuipata Nakuru kabla ya saa sita, lakini orodha ya nani alimchangia nani wakati wa msiba haiuzwi dukani. Nilimkatalia mwanangu katakata, nikamruhusu kukagua virusi tu. Programu ilikuta vikorokoro vya matangazo, ikaviondoa, na mashine ikaganda usiku uleule.

Tukaipeleka Njoro. Niliipakata ndani ya matatu, imefungwa blanketi, tukateremka Likia hadi tukapita Egerton, na kila shimo la barabara nilinyanyua magoti ili mtikiso usiifikie. Fundi aliifungua ubavuni, akachomoa kadi za RAM, akayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, maana uchafu mdogo hapo hutosha kukata mguso. Kisha akaziacha zipimwe usiku kucha. Kulipokucha zilikuwa safi. Na dukani kwake mashine haikuganda hata kidogo.

"Mama, ugonjwa huu umeuacha nyumbani," akaniambia. "Nenda ukaangalie inapokaa."

Inapokaa. Anayejua sebule za huku anajua vitambaa. Viko juu ya makochi, juu ya redio, juu ya televisheni, vimefumwa kwa mkono na kufuliwa hadi vinang'aa, na nyumba isiyo navyo huonekana haina mwenyewe. Kompyuta yetu nayo ilikuwa na chake. Mama mkwe alikifuma wakati wa mvua ndefu, macho yakimsumbua, kwa uzi mweupe wenye maua ya kijani pembeni, na akakipima kikafunika sanduku lote hadi nyuma ili baridi isiliingie. Tena, kwa huruma ileile, sanduku lilikuwa limesogezwa karibu na kona ya jiko la makaa. Dukani Njoro lilikaa wazi mezani. Kwetu lilikaa limevikwa.

Jambo la namna hii halisemwi ovyo kwa mama mkwe. Nilingoja hadi mashine ikafanya kazi kitambo, kisha nikamwita. "Mama, hebu niwekee mkono hapa."

Akauweka nyuma, feni inapotolea hewa, chini ya kitambaa. Akautoa upesi. "Hii inachoma," akasema. Hakungoja niseme lingine. Alikiinua kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani.

Mume wangu akafungua skrubu uani, penye mwanga. Vipezi vya alumini vinavyokaa juu ya prosesa vilikuwa havionekani. Vumbi la barabara lilikuwa limejibana katikati yake pamoja na masizi ya jiko, manyoya ya paka na nyuzi nyeupe za kitambaa chenyewe, kitu kizima cha kijivu ambacho alikibandua kwa kijiti kikatoka bila kukatika. Feni ilikuwa nzima. Ilizunguka kwa bidii yake yote, ila hewa haikuwa na pa kupita. Chini ya vipezi, ile pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye alumini ilikuwa imekauka ikawa chengachenga. Tulipiga vumbi kwa pampu ya baiskeli na brashi laini ya rangi, huku kijana akiizuia feni kwa kidole isizungushwe na upepo. Tukafuta pesti kuukuu kwa spiriti, tukapaka mpya, chembe isiyozidi punje ya mchele. Kwenye ukurasa wa BIOS, joto la prosesa lililokuwa nyuzi 93 likakaa chini ya 55.

Mama mkwe aliketi kwenye kigoda akifuatilia yote, naye alikuwa na swali ambalo lilistahili jibu la kweli. Yeye amevaa sweta juu ya sweta. Maji ya ng'ombe asubuhi yana utando wa barafu. Kitu kinawezaje kuunguzwa na joto Mau Narok?

Nikamwuliza kwa nini githeri ya huku hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Nakuru, na ya Mombasa huiva upesi zaidi. Analijua hilo tangu ujana wake, amelimalizia kuni nyingi. Sababu ni hewa. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na huku kwetu mgandamizo wake ni kama asilimia 70 tu ya ule wa pwani. Kwa hiyo maji huchemka mapema, kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, na maharagwe hayapati joto la kutosha hata mvuke ukijaa jikoni. Hewa hiyohiyo nyepesi ndiyo feni inayoisukuma. Kila pumzi yake hubeba joto kidogo kuliko ambavyo ingebeba Mombasa. Baridi ya nje husaidia, lakini ikifika ndani, na chini ya kitambaa ikakuta hewa ileile ikizunguka mahali pamoja karibu na makaa, haina msaada tena.

"Kumbe githeri yangu na kompyuta yenu zinalia jambo moja," akasema. Kitambaa alikifumua jioni hiyo hiyo akaanza kukifuma upya, kidogo, kwa ajili ya redio.

Tukapata amani. Sanduku lilihamishwa juu ya stuli, mbali na jiko, nikaandika kwenye daftari kwamba hakuna kuganda, na tena hakuna. Halafu alasiri moja nikafungua folda ya mikopo, nayo haikufunguka.

Ila mara hii haikuwa vile. Kipanya kilisogea. Caps Lock iliwaka na kuzima kila nilipoibonyeza, ilhali kurasa zote za nyuma za daftari zilionyesha imegoma. Kitaa kidogo cha diski mbele ya sanduku kilikuwa kimewaka bila kupepesa. Nikainamisha sikio. Ndani kulisikika mgongano mdogo mkavu, kimya, kisha tena, kwa mpangilio. Bila daftari ningesema ugonjwa umerudi. Daftari lilisema huu ni mwingine, uliokuwa umejificha nyuma ya ule wa kwanza.

Diski ya aina ile ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake unaelea mkono wenye kichwa kidogo cha kusomea. Pengo kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache tu, na unywele mmoja wa binadamu una unene wa maelfu ya mapengo kama hayo. Kinachokishikilia kichwa kisiguse sahani ni hewa tu, ile inayoburutwa na mzunguko. Ndiyo maana watengenezaji wa diski hizo kwa kawaida huandika mwisho wa kimo zinapofaa kutumika, na mwisho wenyewe ni mita 3,048, yaani futi 10,000. Sisi tuko chini ya hapo, kwa hiyo siulaumu mlima. Lakini tangu nijue, siwezi kuitazama kompyuta yoyote Mau Narok bila kuwaza jinsi inavyofanya kazi karibu na dari ya dunia yake.

Sehemu ya sahani inapochakaa, kichwa hujaribu kuisoma, hushindwa, hurudi mwanzo, hujaribu tena, sawa na mzee anayerudia mstari uleule wa barua iliyolowa mvua. Wakati huo kila programu inayotaka kitu kutoka kwenye diski husimama foleni, na wewe unaona mashine imekwama.

Mtoto wa kaka yangu anasoma Egerton, chuo kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo na ambacho leo kinafunza kompyuta pia. Alipanda matatu Jumamosi akiwa na flashi yenye Linux na diski ya nje aliyoazima. Akasoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe: ilikuwa imezunguka kwa zaidi ya saa 40,000, nyingi bila shaka huko Uingereza, na idadi ya sehemu zilizokataa kusomeka ilikuwa inapanda tukiitazama. Joto la chini ya kitambaa halikuwa limeisaidia.

Kijana wangu akapendekeza tuiamuru Windows iikarabati diski. Binamu yake akamshika mkono. "Hapana. Hiyo itaizungusha yote na kuiandika juu, na hii imebakiza nguvu kidogo. Shangazi, tuokoe kwanza. Mengine baadaye."

Laiti agizo hilo lingebandikwa kwenye ukuta wa kila duka la fundi. Kabla ya kutibu, okoa.

Programu aliyotumia inaitwa ddrescue, na napenda namna inavyofikiri. Haing'ang'anii sehemu mbovu. Hupita kwanza na kuchukua kila kinachosomeka kwa urahisi, kisha ndipo hurudi kwenye mabaki, kidogokidogo, ikijua diski inaweza kufa wakati wowote. Tena huandika ramani ya ilipofika. Ramani hiyo ilitufaa. Tulikuwa tumeazima UPS ya kanisa, tumekataza pasi na televisheni, na mama mkwe amejiwekea zamu na chupa ya chai, akiuliza kila mara, "Imefika wapi?" Usiku wa manane stima ikapotea boma zima. UPS ikaanza kulia. Mpwa wangu akasimamisha kazi, akazima kwa utaratibu, tukalala. Stima iliporudi asubuhi, programu ikafungua ramani yake na kuendelea palepale ilipoachia.

Karibu vyote vilitoka. Rekodi za maziwa, makubaliano ya shamba, michango tangu mwanzo wa chama. Picha moja ya baba mkwe ilifunguka nusu: kofia, uso na anga nyuma yake, kisha kuanzia kifuani rangi ya kijivu tupu, na pareto haipo. Mama mkwe aliitazama kwa muda. "Uso upo," akasema. "Nichapishieni hiyo." Iko ukutani sasa, ikiwa na kijivu chake.

Faili la mikopo ndilo lililokataa. Sehemu zake ziliangukia penye ubovu, na hakuna kurudia kulikolitoa.

Tukaweka diski mpya ya SSD, isiyo na sahani wala mkono, na mashine haijakwama tena. Kilichobaki kilikuwa cha kibinadamu. Niliitisha mkutano, nikawaeleza akina mama waziwazi kilichopotea, nikawaomba kila mmoja aje na simu yake. Mikopo yetu mingi hutoka na kurudi kwa M-Pesa, na kila ujumbe wake una namba ya muamala, tarehe na saa. Walikuja pia na karatasi, risiti zilizokunjwa ndani ya Biblia, hata kalenda ya ukutani yenye alama za kalamu. Tulikaa tangu baada ya kukamua hadi jioni. Msomaji mmoja, mwandishi mmoja, na katibu akilinganisha. Kila jina liliposomwa, mwenye deni alisimama akasema, "Ni kweli," au akapinga na kutoa ushahidi wake.

Na tukakubaliana papo hapo kwamba baada ya kila mkutano, kabla chai haijamiminwa, hesabu zinanakiliwa kwenye flashi mbili, moja ikilala kwangu na nyingine kwa katibu kule Likia.

Jina la mama mkwe lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Nikasoma: mkopo wa mbegu, amebakiza shilingi mia tano. Akasimama taratibu, akafungua fundo la leso, akatoa risiti. "Mia tano nililipa siku ya soko," akasema, akiwanyoshea akina mama karatasi ile wajionee wenyewe kabla haijanifikia. "Andika, mwanangu. Na unakili mara mbili."